Mwili wa Nusu Bei

Msichana aliyeingia zamu Barnbow alianza kwa kuvua. Pini za nywele zilibaki mlangoni, pamoja na kibiriti, sigara na chochote chenye chuma, hata vile vyuma vyembamba vya kubana kiuno ambavyo wanawake wa Uingereza wa enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia walivivaa chini ya gauni. Alibaki na nguo za ndani. Juu yake alivaa kanzu ya kazi na kofia ya kitambaa, na miguuni viatu vya soli ya mpira. Halafu akapekuliwa. Cheche moja ya msumari wa kiatu ilitosha kuondoa jengo na waliomo, maana kazi ya pale ilikuwa kujaza baruti kwenye makombora ya mizinga.

Kiwanda hicho kilikuwa kwenye mashamba ya mashariki mwa Leeds, karibu na Crossgates. Kufikia Oktoba 1916 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 16,000, na katika kila 100 wao, 93 walikuwa wanawake na wasichana. Treni maalumu 38 kwa siku ziliwaleta na kuwarudisha. Zamu zilikuwa tatu: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, saa nane hadi saa nne usiku, na saa nne hadi alfajiri. Mashine zilifanya kazi usiku na mchana.

Mimi ni mtu wa kusini, wa upande wa Newala, na Leeds ndipo maisha yaliponiweka. Jirani yangu, bibi wa makamo aliyezaliwa hapahapa, ndiye aliyenitajia Barnbow kwa mara ya kwanza, akanionyesha kwa kidole upande ilikokuwa. Nilianza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoshindwa kuisikiliza kwa utulivu ile kauli ya shuleni na ya televisheni kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkomboa mwanamke wa Uingereza. Ninachokiona mimi kwenye kumbukumbu ni hesabu. Taifa lilipouhitaji mwili wa mwanamke liliupangia bei, na bei hiyo ilikuwa chini ya ile ya mwili wa mwanamume: kwenye mshahara, kwenye maradhi, kwenye kifo, hata kwenye mchezo. Nataka kuifuata hesabu hiyo mpaka inakoishia.

Chanzo chake ni uhaba. Mei 1915 jeshi la Uingereza lilishambulia Aubers Ridge, kaskazini mwa Ufaransa, likarudishwa nyuma kwa hasara kubwa ya watu, na siku chache baadaye gazeti la The Times likatangaza kwamba mizinga haikuwa na makombora ya kutosha. Serikali ilitikisika. Ikaundwa Wizara ya Zana za Vita chini ya David Lloyd George, na viwanda vipya vya serikali vikaanza kujengwa kwa pupa. Wanaume walikuwa mahandakini. Tarehe 17 Julai mwaka huohuo Emmeline Pankhurst, aliyekuwa amefungwa mara kadhaa kwa kudai kura, aliongoza maelfu ya wanawake kuandamana London wakidai haki ya kufanya kazi za vita, na fedha za kuandaa maandamano hayo zilitoka serikalini, kwa watu walewale waliokuwa wakimfunga. Binti yake Sylvia hakumfuata. Yeye alikuwa East End, kwenye mitaa ya maskini wa London, akiuliza wanawake hao watalipwa nini.

Lilikuwa swali sahihi. Vita vilipoanza, wanawake waliokuwa kwenye viwanda vya aina hiyo walikuwa kama 200,000. Vilipokwisha walikaribia 950,000. Wengi walitoka kwenye kazi za ndani: mahausigeli waliokuwa wakiamka gizani kuwasha moto wa watu wengine, kula mabaki jikoni na kusubiri nusu siku ya mapumziko kwa wiki. Kwao kiwanda kilikuwa mlango. Kilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mshahara wa kuhesabu mwenyewe mkononi. Sitaki kulipunguza hilo hata kidogo, maana kumbukumbu zao wenyewe zimejaa furaha ya kununua viatu vipya kwa fedha yao, na magazeti yaliwasimanga kwa ajili hiyo, eti wanajipamba wakati wenzao wanakufa.

Ila fedha yenyewe ilikuwa hivi. Oktoba 1915 wizara ilitoa waraka uliojulikana kwa namba yake, L2, uliopanga shilingi 20 kwa wiki kwa mwanamke anayefanya kazi ya mwanamume. Mwanzoni ulikuwa ushauri tu, na waajiri wengi waliupuuza. Mary Macarthur, Mskoti aliyeongoza Shirikisho la Taifa la Wafanyakazi Wanawake, aliusukuma mpaka ukapewa nguvu ya sheria. Hata hivyo, kwenye viwanda vingi mwanamke aliendelea kupata nusu ya alichopata mwanamume, au chini ya nusu. Na hakuweza kuondoka. Sheria ya Zana za Vita ya 1915 ilisema mfanyakazi anayeacha kiwanda bila cheti cha ruhusa cha mwajiri haajiriwi kwingine kwa wiki sita. Mtu wa mshahara wa wiki hadi wiki, anayelipa chumba na kutuma kitu nyumbani kwa mama yake, wiki sita bila kazi ni njaa. Vyeti hivyo vilifutwa mwaka 1917 tu, baada ya manung'uniko mengi viwandani.

Kazi zilitofautiana. Gretna, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, kilijengwa kiwanda chenye urefu wa kilomita zipatazo 14, na wanawake karibu 12,000 walikuwa wakitengeneza kodaiti, baruti ya kusukumia kombora kutoka kwenye mzinga. Walichanganya kwa mikono nitrogliserini na pamba ya baruti kwenye beseni mpaka vishikane kama ugali mlaini. Mwandishi Arthur Conan Doyle aliwatembelea akauita mchanganyiko huo uji wa shetani, na jina limebaki mpaka leo. (Serikali ilihofia sana ulevi karibu na beseni hizo, hata ikanunua baa za eneo hilo na kuziendesha yenyewe, na ikaendelea kuziendesha mpaka miaka ya 1970.)

Barnbow ilikuwa kazi nyingine. Hapo ndipo penye TNT, baruti ya kulipua kombora lenyewe.

TNT ni unga wa manjano hafifu. Unayeyushwa kwa joto au kuchanganywa na naitreti ya amonia, kisha unajazwa kwenye ganda la kombora na kushindiliwa. Vumbi lake hukaa kwenye ngozi na kuingia mwilini kupitia ngozi hiyohiyo, achilia mbali linalovutwa puani. Baada ya muda mikono ikawa ya manjano, kisha uso, kisha shingo. Nywele zilizochomoza nje ya kofia zikageuka rangi ya shaba. Mto wa kulalia ukawa wa manjano asubuhi. Kwenye kantini za baadhi ya viwanda waliwekewa chumba chao pekee, kwa sababu kiti walichokalia na meza waliyoiegemea vilishika rangi. Watu wakawaita kanari, kwa jina la yule ndege mdogo wa manjano anayefugwa kwenye kizimba. Baadhi ya waliokuwa wajawazito walijifungua watoto wenye ngozi ya manjano. Rangi ya mtoto ilififia taratibu, wakaambiwa wasihofu.

Rangi pekee haikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ndani, kwenye ini. Agosti 1916 madaktari wawili wanawake, Agnes Livingstone-Learmonth na Barbara Cunningham, walichapisha kwenye jarida la kitabibu la The Lancet walichokiona kwa wafanyakazi wa TNT: maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, ngozi kuwasha na kuvimba. Kwa wengine iliishia hapo. Kwa wengine macho yalipata manjano, ini likafa, na mtu akafa nalo. Kuanzia Januari 1916 kila mgonjwa wa manjano ya sumu alitakiwa kuripotiwa kwa serikali, na mpaka vita vinaisha waliripotiwa zaidi ya 400, ambao zaidi ya 100 kati yao walikufa. Hao ni walioandikwa.

Dawa waliyopewa ilikuwa maziwa. Barnbow walikuwa na shamba lao la ng'ombe 120 waliotoa lita zaidi ya 1,300 kwa siku, na wasichana waliruhusiwa kunywa maziwa na maji ya shayiri kadiri walivyotaka. Nilipolisoma hili nilikaa nalo muda mrefu. Chakula kilikuwa haba nchini, kwa hiyo maziwa hayo yaliwafaa kama chakula. Lakini maziwa hayatoi TNT mwilini. Kilichosaidia, pale kilipofanyika, ni kumtoa mtu kwenye unga na kumpa kazi nyingine kwa wiki chache ili mwili upumue, kuweka mashine za kufyonza vumbi, na kupunguza kushika unga kwa mikono. Vifo vilishuka kweli viwanda vilipoanza kufanya hivyo kwa makini. Maana yake ni kwamba njia ilikuwepo.

Nina sababu yangu ya kukwama hapo. Mama yangu mkubwa alibangua korosho kwenye kiwanda kimoja huko kusini. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, na mbanguaji anayelipwa kwa kilo havai glovu, maana glovu humpunguzia kasi na kasi ndiyo mshahara. Aliingia kazini na mikono ya msichana, na nilipopata akili ya kuiangalia ilikuwa myeusi mpaka kwenye mistari ya viganja, ngozi ya ncha za vidole imechubuka na kuota upya mara nyingi hata alama zimefutika. Alikuwa anapaka majivu asubuhi kabla ya kwenda. Majivu ndiyo yaliyokuwa maziwa yao. Kwenye harusi alificha mikono ndani ya kanga, na nimesoma kwamba wapo wasichana wa viwanda vya makombora waliovaa glovu kwenye dansi kwa sababu hiyohiyo. Mwajiri alijua. Kila mtu aliyewahi kuuona mkono huo alijua. Kazi inapoandika jina lake kwenye ngozi ya mwanamke kwa rangi ambayo hata mpita njia anaisoma, hakuna anayeweza kusema hakuona.

Tarehe 5 Desemba 1916, siku ya Jumanne, zamu ya usiku Barnbow ilikuwa imeanza muda si mrefu. Wasichana wapatao 170 walikuwa Chumba Namba 42 wakifanya kazi ya mwisho kwenye makombora ya inchi nne na nusu: yalikwisha kujazwa, sasa yalikuwa yanafungwa fyuzi na kifuniko kukazwa. Kukaza kulifanywa kwa mashine. Saa nne na dakika 27 kombora moja lililipuka mashineni na chumba kikageuka damu na mvuke wa mabomba yaliyopasuka. Wanawake 35 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Baadhi ya maiti walitambuliwa kwa kipande cha utambulisho kilichokuwa shingoni, kwa kuwa hakikubaki kingine cha kuwatambulia. Fundi mitambo William Parkin aliingia mara kwa mara ndani ya moshi kuwatoa walionusurika, na baadaye wasichana wa kiwanda walimzawadia saa ya fedha.

Kazi ilisimama muda mfupi. Miili ilipokwisha kuondolewa, wasichana wengine walijitolea kuingia Chumba Namba 42 na kuendelea pale wenzao walipoishia. Nimewahi kusoma hili likisimuliwa kama ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Mimi naona pia kwamba walikuwa na kaka na wachumba kwenye mahandaki ya Ufaransa, waliambiwa kila siku kwamba kombora lisipofika ndugu yako anakufa, na usiku ule hakuna mkubwa aliyesimama akasema leo hakuna kazi.

Magazeti hayakuandika. Udhibiti wa habari za vita ulikataza, na tangazo la mazishi likaweza kusema tu kwamba marehemu alifariki kwa ajali. Douglas Haig, kamanda wa majeshi ya Uingereza huko Ufaransa, alitoa salamu za kuwasifu wasichana hao kwa kujitoa, bila kutaja kiwanda wala mji. Taarifa kamili ilitolewa hadharani miaka kadhaa baada ya vita kwisha. Fikiria mama wa Leeds aliyezika binti yake Desemba ile na hakuweza kumwambia jirani mtoto amekufa wapi na kwa nini, huku jirani aliyempoteza mwana kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, akipokea barua yenye jina la kikosi.

Milipuko mingine ilikuwa mikubwa mno kufichwa. Silvertown, mashariki mwa London, tani 50 za TNT zililipuka Januari 1917 katikati ya makazi ya watu, wakafa 73. Chilwell, karibu na Nottingham, kilikuwa kiwanda kilichojaza zaidi ya nusu ya makombora ya Uingereza. Tarehe 1 Julai 1918 tani nane ziliondoka na watu 134, wanaume kwa wanawake, na ni 32 tu kati yao waliotambulika. Waliobaki walizikwa pamoja kwenye uwanja wa kanisa la Attenborough. Huko nako walirudi kazini.

Siwezi kuandika haya nikasahau kazi ya makombora yenyewe. Katika wiki moja kabla ya Julai 1, 1916 mizinga ya Uingereza ilirusha zaidi ya milioni moja na nusu huko Somme. Yaliua vijana wa Kijerumani ambao mama na dada zao walikuwa Essen, kwenye viwanda vya Krupp, wakijaza makombora ya kurudisha. Baadhi ya wanawake wa Uingereza walilifikiria hilo na wakalisema baadaye wakiwa wazee, kwamba usiku walikuwa wanawaza mtu wa upande wa pili. Wengi walimuwaza wa upande wao. Sioni namna ya kumhukumu msichana wa miaka 19 aliyepewa chaguo kati ya hayo mawili.

Vita hivyohivyo vilipiganwa kwetu, kuanzia Tanga mpaka Rufiji na mpaka mtoni Ruvuma, na risasi na makombora yalipandishwa milima kwa vichwa vya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa kwenye vita hivyo hawakukumbukwa sawa na wengine. Mpagazi wa Umakonde na msichana wa Barnbow hawakujuana, na mizani haikuwa moja: msichana alilipwa na kujiandikisha mwenyewe, mpagazi mara nyingi alikamatwa. Ila waliwekwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, ule wa watu ambao mwili wao unahitajika vitani lakini kifo chao hakihesabiwi kuwa cha vita.

Kwa upande wao wasichana waliandikwa baadaye kidogo. Mwaka 1925, kwenye kanisa kuu la York, dirisha kubwa la vioo linaloitwa Five Sisters lilifunguliwa upya kuwa kumbukumbu ya wanawake wa himaya waliokufa kwa ajili ya vita, na majina yao yameandikwa kwenye mbao za mwaloni. Wa Barnbow wamo, wamewekwa pamoja na manesi. Nimesimama hapo nikayasoma. Kiwanda chenyewe kilipata ulinzi wa serikali kama eneo la kihistoria mwaka 2016, miaka 100 baada ya mlipuko.

Vita vilikwisha Novemba 11, 1918. Notisi za kuachishwa zilianza kutoka siku zilezile. Novemba 19 wanawake kwa maelfu kutoka kiwanda kikuu cha silaha cha Woolwich waliandamana hadi bungeni kuuliza watakula nini. Serikali iliweka posho ya muda kwa wasio na kazi, ya mwanamke ikiwa pungufu ya ya mwanamume, na mwanamke aliyekataa kazi ya uhausigeli aliweza kunyimwa posho hiyo. Magazeti yaliyokuwa yakiwaita mashujaa yakaanza kuwaita wavivu wanaokula fedha ya umma. Mwaka 1919 bunge likapitisha sheria ya kurejesha taratibu za viwandani za kabla ya vita, kama vyama vya mafundi vilivyoahidiwa tangu 1915, na nafasi za wanawake kwenye mashine zikafutwa kisheria. Mwaka 1921 kazi ya ndani ilikuwa bado ndiyo iliyoajiri wanawake wengi kuliko kazi nyingine yoyote Uingereza. Mlango waliotokea ndio waliorudishiwa.

Na kura? Sheria ya Februari 1918 iliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30 na wenye nyumba au waume wenye nyumba. Msichana wa miaka 22 aliyekuwa akilala kwenye hosteli ya kiwanda na nywele zimegeuka shaba hakuwemo. Alisubiri mpaka 1928. Watu wanaposema wanawake walizawadiwa kura kwa kazi ya viwandani, waangalie umri ulioandikwa kwenye sheria hiyo, halafu waangalie umri wa waliokuwa viwandani.

Kilichobaki mikononi mwao baada ya vita kilikuwa mpira. Wakati wa mapumziko ya mchana wasichana walikuwa wanapiga mpira uani, na viwanda vikaunda timu. Huko kaskazini mashariki, Bella Reay wa Blyth Spartans alifunga magoli zaidi ya 130 kwa msimu mmoja. Preston, kwenye kiwanda cha Dick, Kerr kilichokuwa kimeacha treni kikageukia makombora, iliundwa timu iliyocheza mechi yake kubwa ya kwanza siku ya Krismasi 1917 kwenye uwanja wa Deepdale, mbele ya watu 10,000, na mapato yakaenda hospitali ya majeruhi. Viwanda vilipofungwa timu haikufa. Akaingia Lily Parr, binti wa miaka 14 mwenye mguu wa kushoto ambao waliouona walisema haukuwa na mwenzake. Tarehe 26 Desemba 1920, Goodison Park mjini Liverpool, waliingia watazamaji 53,000 kuwaona, na maelfu wengine wakarudishwa getini.

Chama cha Soka cha Uingereza kilikutana mwaka uliofuata, tarehe 5 Desemba 1921, miaka mitano kamili tangu usiku wa Chumba Namba 42. Kiliamua kwamba mpira hauwafai wanawake, kikahoji pia matumizi ya mapato ya mechi zao, na kikaagiza vilabu vyote visiwape viwanja. Madaktari walitafutwa kuunga mkono. Mary Scharlieb, mmoja wa madaktari wanawake mashuhuri London, alisema mchezo huo ni mzito mno kwa mwili wa mwanamke. Hapo ndipo ninapokosa subira kabisa. Mwili uleule ulikuwa umebeba maganda ya makombora zamu nzima, umevuta TNT miaka mitatu, umekusanya vipande vya wenzake sakafuni kisha ukaendelea na kazi, na hakuna chama kilichokutana kusema kazi hiyo ni nzito mno. Ulionekana dhaifu siku ulipovuta watazamaji 53,000. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1971. Lily Parr aliendelea kucheza kwenye viwanja vya pembeni huku akifanya kazi ya unesi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hesabu haikufungwa hapo, kwa sababu vita vilirudi. Desemba 1941 Uingereza iliwaita kwa lazima ya sheria wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, na viwanda vipya vya kujaza makombora vilikuwa vimejengwa, Aycliffe huko kaskazini, Bridgend huko Wales, penye mabinti wa wale wa kwanza. Ngozi zikawa za manjano tena. Safari hii mabomu yaliangukia miji pia, na kulikuwa na sheria ya fidia kwa raia waliojeruhiwa na vita. Ndani ya sheria hiyo jeraha la mwanamke lililipwa pungufu ya jeraha la mwanamume. Bomu moja, jengo moja, mguu mmoja umekatika kwa kila mmoja, malipo mawili.

Mbunge Mavis Tate, wa chama cha Conservative, na Edith Summerskill wa Labour walilishikilia jambo hilo bungeni kwa miaka. Novemba 1942 walilipeleka kwenye kura dhidi ya serikali ya Churchill. Wabunge 95 waliwaunga mkono, 229 wakakataa. Wakaendelea. Kamati ikaundwa, ikasikiliza ushahidi, na Aprili 1943 serikali ikakubali kulipa sawa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ninayoiona kwenye mlolongo huu wote mwili wa mwanamke aliyeumizwa na vita ukiandikiwa bei moja na wa mwanamume. Mshahara wake kiwandani ulisubiri sheria ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika mwaka 1975.